Asiyekuwepo na Lake Halipo: Barua kwa Wanaopanga Majaribio ya Dawa

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya (KEMRI); Bodi ya Dawa na Sumu; Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI); na mawaziri wa afya wa kaunti za Migori na Homa Bay.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Karungu, kwenye ghuba iliyo kati ya milima ya Gwassi na mpaka wa Tanzania. Nina ombi moja. Jaribio lolote la dawa, chanjo au kipimo linalohusu ugonjwa unaotusumbua sisi watu wa ufuoni lifanyike pia huku ufuoni, lisiishie Kisumu na kando ya lami. Najua ombi hili litawashangaza baadhi yenu, kwa sababu mmezoea kupokea barua za wananchi wanaolalamika kwamba wanafanyiwa majaribio. Mimi nalalamika kwamba tunaachwa nje, na nitawaeleza gharama yake.

Nianze na kichocho, maana mtoto wa hapa kwetu Sori hukipata kabla hajajua kusoma. Mama anakwenda ziwani kufua au kuosha vyombo, mtoto yuko mgongoni au ameshikwa mkono, na akishushwa tu anacheza kwenye maji ya ukingoni, palepale penye majani na konokono. Kwa miaka mingi dawa ya kichocho, prazikwanteli, imegawiwa shuleni. Walimu wanaijua ile fimbo yenye alama: mtoto anasimama kando yake na urefu wake unaonyesha ameze vidonge vingapi. Fimbo ile haikuwa na alama ya mtoto wa miaka miwili. Kidonge chenyewe ni kikubwa na kichungu, mtoto mdogo hukitapika au kikamkwama kooni, na zaidi ya hayo hakikuwa kimepimwa ipasavyo kwa watoto wa umri huo. Basi mwongozo ukawaruka. Walikuwa wagonjwa kama kaka zao, ila hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kipimo kinachowafaa, kwa hiyo walibaki nyumbani siku ya dawa.

Hali hiyo ilibadilika kwa sababu kuna watu waliokuja na jaribio mpaka mlangoni. Muungano wa watafiti na watengenezaji dawa ulitengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji, uchungu wake ukapunguzwa, kikapimwa kwa watoto 288 wa umri wa miezi 3 hadi miaka 6. Sehemu ya kazi ilifanyika Côte d'Ivoire, nyingine hapa Homa Bay kupitia KEMRI. Karibu watoto 9 kati ya 10 walipona. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kuiunga mkono dawa hiyo, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likathibitisha ubora wake, na mwaka 2025 watoto wa Uganda wakawa wa kwanza kuipata nje ya majaribio. Sitaki mtu anieleze kwamba utafiti wa maana hauwezi kufanyika kwetu. Ulifanyika, tena na watoto wachanga, ambao ndio wagumu kuliko wote kuwafanyia utafiti. Ulihitaji maabara ya kutazama mayai ya kichocho kwenye hadubini, wauguzi wenye subira, na wazazi waliokubali.

Kwa hiyo tunapoachwa nje hatukosi nauli na soda ya siku ya kliniki tu. Tunakosa ushahidi. Asiyekuwepo na lake halipo, na dawa isiyotujua huja kwetu na mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, au haiji kabisa.

Angalieni seli mundu. Ugonjwa huu umejaa ukanda wa ziwa; kijiji ni nadra kisiwe na nyumba iliyozika mtoto aliyekuwa akilia mifupa. Utafiti mkubwa wa dawa ya haidroksiurea kwa watoto wa Afrika ulihusisha watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na matokeo yake yalipotangazwa Desemba 2018 yalikuwa ya kutia moyo: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, hitaji la kuongezewa damu likapungua, na vifo pia. Kituo cha Kenya katika utafiti huo kilikuwa Kilifi. Sina neno na Kilifi. Ugonjwa uko huko vilevile, na watafiti wa huko wanaijua kazi yao. Lakini Nyanza ilisubiri kusikia habari hizo redioni.

Jirani yangu mmoja ana mtoto mwenye ugonjwa huo. Alipata fununu ya utafiti mwingine, uliokuwa ukiandikisha watoto upande huu wa nchi. Akakopa nauli, akaamka alfajiri, akapanda bodaboda na matatu na mtoto mapajani. Alipofika alipokewa vizuri, akapewa maji, halafu akaulizwa anaishi wapi. Akaambiwa kwa upole kwamba anaishi nje ya eneo la utafiti. Kituo hicho sitakitaja, na aliyemjibu hakukosea. Alifuata itifaki aliyokabidhiwa. Ila mwenye kuiandika itifaki ile alichora duara kuzunguka kituo chake. Angelichora kuzunguka ugonjwa, mtoto yule angekuwa katikati kabisa.

Najua kwa nini duara huchorwa hivyo. Mshiriki akizidiwa usiku na dawa ya majaribio, lazima afikishwe kwa daktari haraka. Damu ikishatolewa, mara nyingi inapaswa kuzungushwa kwenye mashine na kugandishwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri ndani ya saa chache, na umeme wetu hauna adabu. Mfanyakazi wa kufuatilia mshiriki mmoja Gwassi anatumia siku ambayo angefuatilia kumi Kisumu. Mfadhili anahesabu hayo yote kabla ya kusaini hundi. Sababu hizo ni za kweli, ila nyingine zimezeeka. Kwa miaka mingi sasa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU wamepimwa kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi ya karatasi, kadi ikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa maabara kuu kwa pikipiki, bila jokofu. Kama kadi hiyo inaaminika kuamua mtoto aanze dawa za kumeza maisha yake yote, inaweza kuaminika katika tafiti nyingi zaidi ya zinazoitumia leo. Tuna Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Camillus hapahapa Karungu, yenye madaktari, maabara na wodi, ambayo imehudumia wenye VVU tangu enzi ambazo ARV zilikuwa habari ya ng'ambo, na kando yake kuna Dala Kiye, kituo cha watoto yatima. Tangu mwaka 2023 serikali imesambaza nchini wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye simu na mikoba ya vipimo. Mhamasishaji wa kijiji anajua ni nyumba gani ina mgonjwa wa shinikizo na ni binti yupi ana mimba ambayo bado hajaisema. Mtafiti gani wa Nairobi ana mfanyakazi kama huyo?

Na ushahidi kwamba watu wa vijijini wanafikika mnao wenyewe. Utafiti wa SEARCH ulianza mwaka 2013 katika jamii 32 za mashambani, nchini Kenya na Uganda, zikiwemo za kaunti zetu hizi mbili. Hawakukaa kituoni kusubiri wagonjwa. Walipiga mahema sokoni na kwenye viwanja, wakapima VVU pamoja na malaria, shinikizo la damu na kisukari, ili anayeonekana akiingia hemani asijulikane amefuata nini. Wasiofika walifuatwa nyumbani. Matokeo yake, asilimia 89 ya watu wazima walipimwa VVU. Kwa mji mkubwa ungeomba namba hiyo usiipate.

Lakini hapo pia pana jambo la kutazamwa kwa jicho kali. Asilimia hiyo ni ya wakazi waliohesabiwa kuwa wa kudumu, wale walioishi katika jamii hiyo walau miezi 6 katika mwaka. Kitakwimu ni busara. Huwezi kumfuatilia mtu ambaye kesho hayupo. Sasa njooni mtafute mkazi wa kudumu kwenye ufuo wa omena.

Omena huvuliwa usiku wa giza la mwezi. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mashua zinatoka jioni, ukitazama ziwa saa tano usiku utadhani kuna mji mwingine kule. Zinarudi alfajiri. Asubuhi ile mwanamume anaosha wavu, anagawana hesabu na mwenye mashua, kisha analala. Mwanamke, ambaye hajalala sana pia, anapokea samaki, anawatandaza kwenye nyavu juani, anawageuza, anafukuza kuku na korongo, na mvua ikitishia anakimbia kuwaanua. Saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya miadi katika kila kadi ya kliniki niliyowahi kuiona, ni saa mbaya kuliko zote. Mwezi ukishapevuka, kazi inalala, na vijana wengi wanapotea: wengine visiwani, wengine Muhuru, wengine kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria na ufuo unabadilika sura kabisa. Hawa ndio watu ambao tafiti zote zinasema wako kwenye hatari kubwa ya VVU, na hawa ndio wanaoondolewa kwenye daftari kwa kuwa hawapatikani. Wanapatikana sana. Muulizeni mwenyekiti wa kamati ya ufuo, BMU. Ana orodha ya mashua na wafanyakazi wake, na anajua kila mmoja amelala wapi.

Miadi ikipangwa kwa kalenda ya mwezi, si ya ofisi, nusu ya "waliopotea" watarudi. Hilo halihitaji fedha za Marekani. Linahitaji mtu wa kupanga ratiba aliyewahi kukaa ufuoni wiki mbili.

Nageukia hofu, kwa sababu mtaniuliza. Mnasema watu wa mashambani wanaogopa utafiti, wanasema damu yao inauzwa. Ni kweli wanasema. Wazee wa magharibi mwa Kenya walikuwa na kachinja wao, kama watu wa pwani walivyokuwa na mumiani, na gari geni lenye bomba la sindano halikosi kuwakumbusha. Lakini ziwa hili lina sababu zake za kuogopa, na hazikutoka kwenye hadithi. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel, alifika visiwa vya Sese upande wa Uganda kutafuta dawa ya malale, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu wa fuo zetu. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki ndani yake. Ugonjwa ulipokuwa ukirudi, akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka. Wajerumani waliendelea kuwatibu watu kambini upande wao wa ziwa, na mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Shirati, ambayo mtu wa Karungu anaifika kwa kuvuka mpaka tu.

Miaka michache baadaye, 1911, Mwingereza Felix Oswald alitumwa Karungu kuchimba visukuku vya wanyama wa kale kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Aliporudi kwao aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1915, na jina lake linasema alikuwa peke yake katika nchi ya malale. Peke yake! Na wapagazi, wachimbaji, wapishi na wenyeji wa Karungu waliokuwa wakimwonyesha mahali pa kuchimba? Nalitaja hili kwa sababu tabia hiyo haijafa. Bado kuna makala za kisayansi ambazo Karungu au Gwassi huonekana kama vumbi la nyuma ya picha.

Kwa hiyo sipigii debe majaribio ya kiholela. Yaje kwa masharti, na sharti la kwanza ni ridhaa yenye uzito. Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya huko Ndhiwa, Homa Bay. Ilikuwa imeshapita majaribio makubwa ya watoto 15,459 katika nchi saba, na vituo vitatu vya Kenya vikiwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Kilichokuja kwetu kilikuwa awamu ya kuitumia kwa majaribio: kaunti ndogo kadhaa zikapata chanjo mapema, nyingine zikawekwa za kulinganishia, na hizo za pili zikasubiri hadi Machi 2023. Mzazi aliyempeleka mtoto kliniki alihesabiwa kuwa ameshakubali kwa kule kufika kwake. Mwaka 2020 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilihoji utaratibu huo. WHO ikajibu kwamba hii ilikuwa chanjo iliyoruhusiwa na mamlaka za nchi na kutolewa pamoja na chanjo za kawaida. Mimi nasema pande zote mbili zilibishana Geneva na London kuhusu jambo ambalo lilipaswa kujadiliwa Ndhiwa. Chanjo yenyewe imeokoa watoto. Tathmini ya nchi tatu za awamu hiyo ilionyesha vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vikipungua kwa asilimia 13. Ndiyo maana nasikitika. Kitu kizuri namna hiyo kingeweza kuelezwa barazani wazi, kwamba sehemu hii itaanza na ile itasubiri, na sababu ni hii. Watu wetu wanaelewa kupiga kura ya bahati. Wamegawana mashamba na zamu za maji kwa kura.

Kuhusu fomu zenyewe. Mama anapewa karatasi nyingi, zimeandikwa Kiingereza upande mmoja na Dholuo ya kanisani upande wa pili. Anasomewa kwa kasi na kijana mwenye fomu nyingine ishirini mkobani. Anaweka kidole gumba kwenye wino. Shahidi ni mtu mwingine aliyekuja kupimwa. Je, anajua kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa kituo kilekile? Je, anajua kwamba huenda akapangiwa kidonge kisicho na dawa? Ningependa kila kamati ya maadili ituombe kitu kimoja: mshiriki aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa Dholuo, Kisuba, Kikuria au Kiswahili, atafanyiwa nini na anaweza kuondoka lini. Akishindwa kueleza, aliyeshindwa ni msomaji wa fomu.

Halafu nauli. Kamati zenu zinaogopa kwamba fedha nyingi zitamshawishi maskini ajiuze, kwa hivyo mnaweka kiwango kimoja kwa wote. Kiwango kimoja kwa anayetembea dakika kumi na kwa anayevuka milima ya Gwassi ni adhabu kwa wa pili. Anayelipa kutoka mfukoni ili aingie kwenye utafiti hajashawishiwa, amenyang'anywa. Lipeni umbali halisi, lipeni na siku ya kazi iliyopotea, tena kwa M-Pesa kabla ya safari. Nauli ya kurudishiwa baadaye haimsaidii ambaye hana ya kuondokea.

Jambo linaloniuma zaidi ni kinachobaki gari likishaondoka. Mwaka 2006 jaribio la tohara ya wanaume Kisumu, lililohusisha vijana 2,784, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa wazi, na kuanzia mwaka 2008 huduma ikaletwa Nyanza, hasa kwa watu ambao kimila hawatahiri. Huo ni mfano wa utafiti uliorudi kwa wenyewe. Nimeona pia mwisho wa aina nyingine: kontena lililokuwa maabara likafungwa kufuli, jokofu likahamishwa, wauguzi waliofunzwa wakafuata mradi mwingine, na wanakijiji hawakuwahi kuambiwa dawa ile ilifaa au haikufaa. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilifanyia marekebisho upya Oktoba 2024, linadai mipango ya baada ya jaribio ielezwe kabla ya jaribio kuanza. Kwenye karatasi mnaidai. Nani anayerudi kukagua?

Na Januari 2025 tukaona jambo ambalo wengi hawakulidhania. Agizo kutoka Washington la kusitisha misaada lilisimamisha majaribio yakiwa katikati, katika nchi mbalimbali. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake wenye pete ya majaribio ndani ya miili yao siku watafiti walipoambiwa waache kazi. Kuna watakaosema hiyo ni sababu ya kukataa majaribio vijijini. Kwangu ni sababu ya Bodi ya Dawa na Sumu kutoidhinisha jaribio ambalo halina fedha zilizotengwa kando za kuwafuatilia washiriki mpaka mwisho, mfadhili awepo asiwepo. Ni sababu pia ya kuikumbusha Hazina ya Kitaifa kwamba Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka Mfuko wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kuikaribia. Nchi inayongoja mgeni alipie utafiti wa magonjwa yake haiwezi kushangaa mgeni akichagua wapi pa kulala.

KEMRI, kwenu ninyi nina matumaini zaidi, kwa sababu mnajua tayari la kufanya. Kilifi mna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaokutana na watafiti na kuwauliza maswali magumu. Leteni utaratibu huo Nyatike na Suba Kusini, na BMU ziwe na kiti. Fungueni kituo kidogo Karungu kinachoungana na hospitali ya misheni na hospitali ya rufaa ya kaunti pale Migori. Halafu kila itifaki ya VVU, malaria, kichocho au seli mundu inayopita kwenye kamati zenu iwe na ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini haina kituo kwenye wadi ya mbali kama yetu. Sababu ikiwa nzuri tutaielewa. Mtafiti akilazimika kuiandika, huenda akagundua hana.

NACOSTI mnamdai mtafiti nakala ya ripoti ya mwisho. Ongezeni tarehe ya baraza aliposoma matokeo hayo mbele ya waliotoa damu, na sahihi ya chifu. Hata matokeo mabaya. Hasa hayo, maana dawa iliyoshindwa ndiyo huzaa uvumi.

Mawaziri wetu wawili wa afya, mpaka wa kaunti zenu ni mstari ambao mgonjwa haujui. Mtu wa Magunga hutibiwa Karungu, wa Karungu huolewa Gwassi, mvuvi hulala popote mashua ilipofikia. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, mtafiti amelazimika kubisha hodi ofisi mbili kwa ufuo mmoja, na mara nyingi anachagua kaunti yenye barabara nzuri na kuacha nyingine. Andikeni mkataba mmoja wa utafiti wa ukanda huu, wenye masharti sawa kuhusu nauli, vifaa vinavyobaki, na wafanyakazi wa hapa wanaofunzwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU, KENPHIA, wa mwaka 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wa Migori, nchi nzima ikiwa asilimia 4.9. Namba hizo zimeombewa fedha nyingi na watu wengi. Zina haki ya kukaa kwenye meza ya kupanga utafiti, na meza hiyo iwekwe huku walau mara moja kwa mwaka.

Msituone kama watu wanaotaka kupendelewa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kiwango hicho hakiwezi kujulikana kwa watu ambao hakuna aliyewapima. Tunaomba jibu la maandishi, lenye jina la ofisa atakayeshughulikia jambo hili, litumwe kwa chifu na kwa kamati ya ufuo wa Sori. Tutalisoma barazani, lote, kwa lugha zote tunazozungumza hapa.

Wenu,
Mkazi wa Sori, Karungu